Kwa wanaoanza kuchora mashamba: hindi halikai utosini

Wadogo zangu, nimepitia kazi zenu mpya na kichwa kinaniuma. Makosa ni yaleyale ya miaka yote. Basi tuketi.

1. Kijani cha tyubu kiacheni. Changanyeni njano na buluu, kikizidi ukali mkitulize kwa nyekundu kidogo. Shamba la mbali lipauke na kuelekea buluu.

2. Upeo, pale ardhi inapokutana na anga, usikae katikati ya kanvasi. Ushusheni au upandisheni, ila mwamue.

3. Nendeni shambani kabla ya kushika brashi. Hapa nitakaa kidogo, maana nina deni. Nilipokuwa kama ninyi nilichora shamba kubwa la mahindi nikiwa chumbani, kwa kumbukumbu tu. Nani asiyeyajua mahindi? Nikayapanga majani kuzunguka bua kama mwavuli, kisha juu kabisa, kila bua, nikaweka hindi nono la njano. Nililipenda lile pambo la juu kuliko kazi yote. Siku ya maonyesho akaja mzee mmoja mkulima, akasimama mbele ya kazi yangu muda mrefu. Nikajua nimempata. Akanigeukia kwa heshima zote: “Mwanangu, hii ni mbegu gani?” Sikumwelewa. Akaniuliza tena kama nimewahi kuvuna. Hakuwa akinikejeli, na hilo ndilo lililoniuma: alidhani kweli kuna mbegu mpya inayozalia utosini, akaitaka. Waliokuwa karibu walicheka. Mimi nilijifanya nanyoosha fremu.

Juu ni mbelewele, jamani. Hindi hutoka ubavuni, kwenye kwapa la jani, na ndevu zake zikining’inia. Majani hupishana pande mbili, moja kushoto, linalofuata kulia, kila moja na mshipa mweupe katikati. Ukishajua hayo una ruhusa ya kuyaacha, kwa sababu shamba zima halichorwi jani kwa jani. Mstari wa mbele upe majani, ya nyuma yawe vivuli na mwanga tu. Lakini hata yule anayefupisha, mkulima humtambua kama anajua anachofupisha.

4. Mwanga haungoji. Mchoraji Mfaransa Monet alipochora marundo ya ngano mwaka 1890 na 1891 alikuwa na kanvasi kadhaa kando yake, jua likisogea anashika nyingine. Ninyi mnaanza asubuhi, mnamaliza alasiri kwenye kanvasi ileile, halafu mnaniuliza kwa nini vivuli vinaelekea pande mbili!

5. Wadudu watanasa kwenye rangi mbichi. Mtoeni mdudu kwa kibano, msifute kwa kidole. Akibaki, si msiba: mwaka 2017 jumba la makumbusho la Nelson-Atkins, Marekani, lilitangaza kuwa limekuta panzi ndani ya rangi ya mchoro wa mizeituni wa Van Gogh wa mwaka 1889. Kwa hiyo mwenzangu uliyeniletea kisingizio cha nzi wiki hii, kazi yako bado naisubiri.