Maswali na Majibu: Tumekubaliana asilimia 85, mbona msimamizi amekataa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Mtwara, nasoma shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inahusu namna magazeti ya Kiswahili yanavyoripoti masuala ya maadili ya tiba. Nilitafuta "maadili ya tiba" na "maadili ya udaktari" kwenye tovuti za magazeti, nikaambulia habari chache mno. Basi nikachukua habari 100 za afya kwa jumla. Mimi na mwenzangu tukazisoma kila mtu kivyake na kuamua kama zinagusa ridhaa ya mgonjwa. Wote tulisema "hapana" kwa habari 82, na "ndiyo" kwa habari 3. Mimi peke yangu nilisema "ndiyo" kwa 8, yeye peke yake kwa 7. Tumekubaliana asilimia 85, lakini msimamizi amekataa. Tatizo liko wapi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi yuko sahihi, ila angekuonyesha hesabu ungelala usingizi mapema zaidi.

Wewe umesema "ndiyo" mara 11, mwenzako mara 10. Sasa chukua mtu ambaye hajafungua gazeti hata moja, mwambie ajaze "hapana" kuanzia habari ya kwanza hadi ya mia. Atakubaliana na wewe kwa habari 89. Amewazidi nyie mliokesha mkisoma! Ndiyo maana asilimia tupu haikubaliki pale jambo linalotafutwa likiwa adimu.

Kipimo cha kutumia ni kappa, kinachopima makubaliano baada ya kuondoa yale ya bahati, aliyoitoa Jacob Cohen mwaka 1960. Kwanza tafuta makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati tu: 0.11 mara 0.10, jumlisha 0.89 mara 0.90, unapata 0.812. Nyie mmefika 0.85, yaani mmeivuka bahati kwa 0.038. Nafasi yote iliyokuwepo juu ya bahati ni 1 toa 0.812, yaani 0.188. Gawanya 0.038 kwa 0.188: jibu ni 0.20. Klaus Krippendorff, ambaye alfa yake, kipimo kingine cha makubaliano, hutumika sana katika uchambuzi wa maudhui, anataka 0.80, na chini ya 0.667 hata hitimisho la tahadhari halishauri. Alfa na kappa si kitu kimoja, lakini kwa 0.20 hakuna kipimo kitakachokuokoa.

Rudini kwenye zile habari 15 mlizotofautiana, mkae nazo mezani pamoja. Nadhani mtakuta mmoja wenu anahesabu ridhaa pale tu fomu ya kusaini inapotajwa, na mwingine anahesabu kila mgonjwa aliyetibiwa bila kuelezwa. Andikeni kanuni moja, kwa mfano: "Weka ndiyo ikiwa habari inasema mgonjwa au ndugu yake aliombwa, hakuombwa, alikataa au hakuelezwa kabla ya kipimo, tiba au utafiti." Halafu jaribuni kwa habari mpya. Mkirudia zilezile mia, mtakuwa mnapima kumbukumbu zenu.

Kwenye utafutaji ndiko kwenye kazi kubwa. Mwandishi wa habari wa mkoani hakai akaandika "maadili ya tiba". Anaandika uzembe, rushwa wodi ya wazazi, lugha chafu, maiti kuzuiliwa kwa deni, kupimwa kwa lazima, siri ya mgonjwa kuvuja. Mwaka 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Utaikosa habari hiyo ukitafuta "maadili", wakati ndani yake mna usalama wa mgonjwa, uwajibikaji, na swali la magazeti kuanika majina ya wagonjwa. Kwa hiyo orodhesha matukio kwanza, kisha maneno ya mtaani yanayoyataja, ndipo ufungue tovuti.

Kwa kupanga habari katika makundi unaweza kuanza na kanuni nne za maadili ya tiba za Beauchamp na Childress za mwaka 1979: uhuru wa mgonjwa kuamua, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Ila usizimeze nzima. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ana sauti yake. Ongeza safu ya "nani aliamua": mgonjwa, mume, mjomba, daktari, haijulikani. Ongeza na "nani amenukuliwa". Sitashangaa ukikuta mkuu wa wilaya na mganga mkuu wa mkoa wamejaa, na mgonjwa hana hata sentensi.

Sampuli ya wiki za kuunda, yaani kuokota Jumatatu moja kati ya Jumatatu zote za mwaka, Jumanne moja, na kuendelea, inafaa kwa habari za kila siku. Kwa jambo adimu kama lako itakuacha mikono mitupu. Chukua mwaka mzima, au habari zote za tukio moja tangu lilipoibuka hadi lilipozimika. Na kama unataka habari za kusini peke yake, angalia majira: kuanzia Oktoba minada ya korosho hubana nafasi ya kila kitu kingine, na Mei 2013 Mtwara ilikuwa vurugu za kupinga bomba la gesi. Ukimya wa gazeti miezi hiyo usiuhesabu kuwa hospitali zilikuwa shwari.

Redio je? Watu wengi wa Newala au Ruangwa hupata habari huko kuliko kwenye gazeti, lakini vipindi vya zamani ni shida kuvipata. Usijitwishe hilo kwa tasnifu moja. Taja tu kwenye mipaka ya utafiti.

Mwisho, majina. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya maambukizi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Gazeti likiwa limemtaja mgonjwa, wewe mpe namba tu, na usinukuu kichwa cha habari ambacho mtu akikiandika mtandaoni kitamfikisha kwa mgonjwa huyo.