Msimbo P0455: anzia kwenye kifuniko

Ndugu, P0455 ni msimbo wa hitilafu unaotolewa na kompyuta ya gari; maana yake mvuke wa petroli unavuja kwa wingi, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha tangi. Pitisha kidole kwenye mpira wa kifuniko cha tangi. Ukikuta ufa, nunua kingine. Kisha itoe ile valvu inayopeleka mvuke kwenye injini, ipulize (usivute!) ikiwa haina umeme. Hewa ikipita, imekufa, maana hapo inatakiwa iwe imefunga kabisa.

Bado? Fundi apime kwa mashine ya moshi, ya presha ndogo sana. Moshi utachomoza palipotoboka, mara nyingi kwenye bomba la mpira lililopasuka. Nakusihi, asiingize upepo wa kompresa, atapasua kopo la mkaa (linalonasa mvuke wa petroli).

Ukishafuta msimbo, weka mafuta nusu tangi. Tangi likijaa pomoni kompyuta haipimi uvujaji.