Kuingia Bunge, Ikulu na Mahakama za Washington ukiwa mgeni: nilivyopanga mimi

Dada uliyeuliza kuhusu Washington mwezi Aprili, wewe, mume wako na watoto wawili kwa siku nne: umesema umeambiwa kwamba bila kujuana na mbunge wa kule hutaingia popote. Nimefika mara mbili. Mara ya kwanza niliharibu mipango karibu yote, mara ya pili nilikwenda na wanangu na tukashinda ndani ya majengo hayo tangu asubuhi hadi jioni. Aliyekuambia hivyo anakaribia kweli kwa Ikulu peke yake, ambako lazima upitie ofisi fulani. Kwingine mgeni anaingia mwenyewe, na haulizwi hata senti.

Tuanze na Ikulu, maana ndiyo inayotaka uwahi. Raia wa Marekani huomba kupitia ofisi ya mbunge au seneta wa kwao. Sisi wenye pasipoti za nje huelekezwa kwenye ubalozi wa nchi yetu ulioko pale pale Washington. Kwa kawaida maombi hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya siku unayoitaka, na mwisho ni siku 21 kabla. Mimi safari ya kwanza niliandikia ubalozi siku kumi kabla ya kupanda ndege. Walinijibu vizuri tu kwamba muda umepita, na kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo andika wiki hii, hata kama tiketi za ndege bado. Taja siku mbili au tatu zinazokufaa, na uandike majina ya wote wanne kama yalivyo kwenye pasipoti, yote na kwa mpangilio ule ule, kwa sababu kila jina hupitishwa kwenye ukaguzi wa usalama kabla hujafika getini. Siku yenyewe usibebe mkoba wa aina yoyote, kwani hawana mahali pa kuuhifadhi.

Lakini safari yako usiitundike kwenye Ikulu. Ruhusa inaweza kufutwa dakika za mwisho wakiwa na shughuli yao. Isitoshe, ule mrengo wa mashariki ambao wageni walikuwa wakiingilia ulibomolewa Oktoba 2025, hivyo njia ya wageni si ile watu wanayoisimulia tangu zamani. Uliza ubalozi hali ikoje kwa tarehe zako. Wakikuambia haiwezekani, watoto wapeleke 1700 Pennsylvania Avenue, kwenye kituo cha maonyesho kilichofunguliwa 2024 na chama cha historia ya Ikulu. Humo wamejenga ofisi ya Rais kwa ukubwa wake halisi. Ni bure, ila chukua tiketi yenye saa mtandaoni mapema.

Sasa Bunge, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopapenda kuliko pote.

Nafasi za matembezi ya Capitol, yaani jengo lenyewe la Bunge, unaziweka mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya kituo cha wageni cha Bunge. Unachagua siku na saa, unaandika idadi yenu, basi. Nasisitiza tovuti rasmi kwa sababu mimi nilianza kwa kutafuta kwenye simu, nikabofya tovuti ya kwanza iliyotokea, nikawalipa wakala fulani dola 30 kwa kila kichwa kwa kitu ambacho Bunge lenyewe linatoa bure. Iliniuma sana. Ukiona mtu anakudai hela ya tiketi ya Capitol, ondoka hapo. Jumapili hakuna matembezi, na Aprili ni msimu wa maua ya micheri na wa safari za shule, kwa hiyo nafasi za asubuhi huisha upesi. Ukikosa kabisa, bado kuna pasi za siku hiyo hiyo kwa wanaowahi.

Mlango wa wageni uko upande wa mashariki, chini ya uwanja, ule unaotazamana na Maktaba ya Bunge na Mahakama ya Juu. Picha nyingi za Bunge hupigwa upande wa magharibi, kwenye nyasi za Mall, ule uwanja mrefu wa wazi katikati ya jiji, na mimi nikaenda huko. Kuzunguka lile jengo kwa miguu ukiwa na mtoto aliyechoka ni adhabu. Mlangoni hawaruhusu chakula wala kinywaji, hata maji. Chupa tupu inapita, utaijaza ndani. Mkoba mkubwa nao unakataliwa na hakuna pa kuuacha, kwa hiyo mizigo ya safari ibaki hotelini.

Ndani mnaanza na filamu fupi, kisha mwongozaji anawapitisha Crypt, yaani ukumbi wa nguzo wa chini, kisha Rotunda, ule ukumbi wa duara wenye mchoro wa mchoraji Brumidi juu kabisa ndani ya kuba, na ule ukumbi wa sanamu ambamo Wawakilishi walikuwa wakikutana zamani. Waambie watoto wasikilize vizuri hapo: mtu akinong'ona sehemu fulani ya ukumbi, anayesimama mbali ng'ambo anamsikia. Wanangu walilizungumzia jambo hilo hadi usiku.

Sasa shika hili, maana wengi hutoka bila kulijua. Matembezi hayo hayakufikishi kwenye kumbi ambamo Seneti na Baraza la Wawakilishi, yale mabaraza mawili ya Bunge, wanakaa leo. Kule unahitaji pasi nyingine ya kukaa jukwaa la wageni. Wamarekani wanaipata kwa mbunge wao, lakini sisi wageni kutoka nje tunaiomba pale pale kituo cha wageni, ghorofa ya juu, kwenye meza za miadi, moja ya Baraza na moja ya Seneti. Nenda na pasipoti halisi mkononi. Simu, kamera na mikoba mnaviacha kabla ya kuingia.

Safari ya kwanza sikuuliza. Safari ya pili niliuliza, na nikakaa na wanangu kwenye jukwaa la Seneti tukimsikiliza seneta mmoja akihutubia viti vitupu, karani akiandika kila neno. Binti yangu akaninong'oneza, mbona hakuna anayemsikiliza? Baadaye ikafika saa ya kura, maseneta wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakisalimiana, wakisimama vikundi vikundi, na ukumbi ukabadilika kabisa. Kama una muda, usiondoke baada ya dakika tano. Subiri.

Ila tazama kalenda ya vikao kabla ya kupanga, kwa sababu Bunge huwa mapumziko karibu na Pasaka, na Pasaka mara nyingi huangukia Aprili. Ukiwa nje, tazama bendera juu ya jengo la Bunge: ikipepea upande wa kaskazini, Seneti wako kazini, upande wa kusini, ni Baraza la Wawakilishi.

Siku hiyo hiyo unganisha na Maktaba ya Bunge, jengo la Jefferson la 1897. Kuna njia ya chini kwa chini kutoka kituo cha wageni cha Bunge, hata mvua ikinyesha hamtalowa. Weka tiketi yenye saa, bure pia, na kumbuka hufungwa Jumapili na Jumatatu. Waingereza walipochoma Bunge mwaka 1814 vitabu viliteketea, na mwaka uliofuata Bunge likanunua vitabu 6,487 vya Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais, ili kuanza upya. Kwangu mimi ni jengo zuri kuliko yote mjini pale. Panda juu mkaangalie chumba cha kusomea kutoka kwenye roshani.

Mahakama ya Juu iko jirani, nayo hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa tu. Huhitaji kuweka nafasi kuliona jengo. Siku ambazo majaji hawasikilizi kesi, hutolewa maelezo ndani ya chumba cha mahakama chenyewe, na mnaruhusiwa kukaa mkasikiliza. Kesi husikilizwa kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo huenda ukabahatika, ingawa viti vya wananchi ni vichache na kwa watoto ni kikao kirefu.

Ningekuwa wewe, Bunge ningeliweka Jumanne au Jumatano asubuhi, Maktaba baada ya chakula cha mchana, Mahakama siku inayofuata, na siku ya mwisho ningeiacha wazi kwa ajili ya Ikulu kama ubalozi utakujibu. Na jioni mkiwa na nguvu, rudini mkalitazame Bunge usiku. Mkiona taa inawaka juu kabisa ya kuba, chini ya sanamu iliyo kileleni, jueni humo ndani bado kuna kikao.