Skuta ya umeme mjini Kisumu: wanaotembea hawakusikii

Kisumu tumezoea kuvuka barabara kwa masikio. Pikipiki husikika kabla haijaonekana, tuktuk inakohoa tangu mbali, na matatu ina makanga wa kuitangaza. Ndiyo maana mtu huvuka Oginga Odinga Street huku kageuza kichwa anapiga gumzo na mwenzake, na anafika ng'ambo salama. Skuta ya umeme, ile ndogo ya magurudumu mawili unayoiendesha ukiwa umesimama, imevuruga hesabu hiyo. Mimi huendesha moja kutoka Mamboleo hadi katikati ya mji, na shughuli nyingine zote nazifanya kwa miguu, kwa hivyo malalamiko ya pande zote mbili nayajua.

Kasi si hoja kubwa. Pikipiki ya petroli ina kasi kuliko skuta. Hoja ni ukimya. Huko Ulaya, tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme sharti litoe sauti linapokwenda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa, kwa sababu katika mwendo huo hata matairi hayasikiki vizuri. Lakini kanuni hiyo inahusu magari. Vyombo vya magurudumu mawili havikuguswa. Basi usingoje kiwanda kikupigie kelele.

Jumapili moja nilikuwa napita karibu na soko la Kibuye, na wanaojua Kibuye ya Jumapili wanajua barabara inavyobaki kipande. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amejitwika karai la omena, mkono mmoja juu, mwingine umeshika mtoto. Nilikuwa nakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nilipomfikia ubavuni alishtuka, karai likayumba, akanitazama juu hadi chini: "Wewe kijana, mbona unakuja kama mwizi?" Nikamwambia pole mama. Lakini swali lake ndilo swali lenyewe. Aliyejitwika mzigo hageuzi shingo ovyo, na mtoto akivutwa ghafla huweza kurukia upande wowote.

Tangu hapo nina kengele ya baiskeli kwenye usukani, ile ya chuma ya kring-kring. Honi ya skuta yangu inalia kama king'ora cha gari lililovunjwa kioo, inawagandisha watu badala ya kuwasogeza. Kengele hata wazee wanaielewa mara moja; mji huu ulilelewa na boda za baiskeli. Ila ipige mapema. Kwa kilomita 25 kwa saa unakata karibu mita 7 kila sekunde, na mtu anahitaji zaidi ya sekunde moja kusikia, kugeuka na kuamua aende upande gani. Ukipiga ukiwa mita 5 nyuma yake, unamtangazia ajali tu. Na ukishapiga, punguza mwendo, usichukulie kwamba amesikia. Kuna viziwi, kuna walioziba masikio kwa muziki, na kuna wasioona wanaotembea kwa fimbo nyeupe, ambao masikio ndiyo macho yao.

Kwenye njia ya waenda kwa miguu, shuka usukume. Najua utaniambia barabarani kuna matatu zinazokubana hadi kwenye mtaro, na ni kweli. Lakini njia hiyo tayari ina vibanda, mitumba na pikipiki zilizoegeshwa, na anayetembea akisukumwa na wewe pia ataishia kwenye lami. Sheria ya trafiki ya Kenya haimruhusu dereva kupita humo. Sioni kwa nini mwenye skuta ajipe ruhusa. Ufaransa wamezuia skuta njia hizo na kuweka kikomo cha kilomita 25 kwa saa, na bado wakazi wa Paris walichoka. Tarehe 2 Aprili 2023 walipiga kura kuhusu skuta za kukodisha, karibu asilimia 90 wakazikataa. Waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wapiga kura, wengi wao nadhani ni watu waliokwisha kukanyagwa vidole, lakini kufikia Septemba mwaka huo skuta hizo hazikuwa tena mitaani.

Sasa breki, na hapa wanunuzi wengi hudanganywa na betri. Muuzaji atakuimbia kilomita ngapi kwa chaji moja. Wewe muulize breki. Skuta nyingi zina breki ya mota inayorudisha umeme kwenye betri, na betri ikiwa imejaa haina pa kuuweka, hivyo breki hiyo hulegea. Sisi wa Mamboleo tunachaji usiku, asubuhi tunatoka na betri pomoni, na safari yenyewe ni mteremko wa kwenda Kondele, penye watu wengi kuliko popote njiani. Chukua yenye breki ya diski au ya ngoma, na uijaribu kabla hujalipa. Tairi ziwe za upepo na kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Gurudumu la inchi 8 linamezwa na shimo ambalo baiskeli haitalihisi.

Usiku taa ya skuta hukaa chini, na katikati ya taa za magari haionekani. Vaa riflekta, funga na taa ndogo kifuani au kwenye helmeti.

Kwa wanaotembea sina mengi: tazama kote hata kukiwa kimya, na mtoto akae upande wa ndani, mbali na lami.

Mvua ya alasiri ikinyesha, michoro ya kivuko cha miguu na vifuniko vya chuma vya mitaro huteleza vibaya kwa tairi ndogo, na watu wote wanakimbia wameinamisha vichwa. Siku hiyo mimi huiacha skuta kazini nikapanda matatu.