Volteji "iko mbele" ya mkondo, au "inautangulia"?

Swali: Nafundisha ufundi umeme na ninaandaa kwa Kiswahili maelezo ya fesa (mishale inayozunguka kuwakilisha mawimbi ya volteji na mkondo). Mfano wangu ni saketi ya mkondo geu yenye ukinzani wa omu 30, ukifuatana na koili inayopinga mkondo kwa omu 40, kwenye umeme wa volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Niliandika: "Volti iko mbele kwa mkondo kwa nyuzi 53, na mkondo unachelewesha volti." Wanafunzi wengi wamechora mawimbi kinyume. Je, tatizo ni lugha yangu?

Jibu: Ndiyo, Mwalimu, na neno lililowapoteza zaidi ni "mbele". Msomaji wa Kiswahili akiambiwa kitu kiko mbele, hufikiria mahali. Kwenye grafu muda huenda kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo wimbi linalofika kileleni kwanza huchorwa kushoto. Mwanafunzi aliyesoma "iko mbele" huisogeza volteji kulia, kule mkono wake unakoelekea anapoandika. Amefuata maneno yako sawasawa, na mchoro umeharibika.

Tumia kitenzi tangulia: anayetangulia hufika kwanza. Andika "Volteji inautangulia mkondo kwa nyuzi 53." Kiambishi -u- kinaurejelea mkondo, kwa hiyo usiweke "kwa" kabla ya mkondo, "kwa" ibaki kwenye kipimo cha pembe peke yake. Ukiondoa koili ukaweka kapasita, mambo yanageuka: "Mkondo unaitangulia volteji." Tofauti ya -u- na -i- ndiyo inayobeba fizikia yote hapo, basi usiidondoshe ukaandika "inatangulia" tupu.

"Unachelewesha" ni kosa zito zaidi. Kauli ya kusababisha humfanya mtenda awe chanzo cha ucheleweshaji, kwa hiyo sentensi yako inadai kwamba mkondo ndio unaoikawiza volteji. Kinachochelewesha hapa ni koili, na kinachocheleweshwa ni mkondo. Andika "koili inauchelewesha mkondo", au "mkondo unatanguliwa na volteji". Chelewa peke yake haichukui yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Ukiitaka, sema "mkondo unachelewa nyuma ya volteji".

Kabla ya mchoro wowote, ningeweka sentensi moja ya muda. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Nyuzi 53 kati ya 360 ni takriban milisekunde 3. Basi: "Volteji hufika kileleni, na mkondo hufika kileleni milisekunde 3 hivi baadaye." Kisha, kwenye mchoro wa fesa, taja kwamba mishale huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Usipotaja mwelekeo huo, mchoro hauonyeshi nani katangulia.

Volti ni kipimo, kama ampea na omu. Kinachopimwa ni volteji. Tunasema "volteji ya volti 230". Nyuzi na digrii zote ni sahihi, ila chagua moja. Na endelea kuandika fesa kwa s: feza kwa wasemaji wengi ni pesa. Neno fezi nalo liachie waya wenye umeme, kama mafundi wanavyolitumia, na pembe iliyo kati ya volteji na mkondo uiite pembe ya awamu.

Neno ambalo hukuliuliza, lakini litakusumbua kwenye ukurasa unaofuata, ni "jumla". Mkondo katika saketi yako ni ampea 4.6, kwa kuwa upinzani wote pamoja ni omu 50, si 70: omu 30 na 40 nazo ni pande za pembetatu mraba, na 50 ni hipotenusi. Mita itasoma volti 138 kwenye ukinzani na volti 184 kwenye koili. Ukiandika "tafuta jumla ya volteji", mwanafunzi atapata 322 na kudhani mita ni mbovu. Andika "jumla ya fesa", na uonyeshe pembetatu mraba: 138 kwa mlalo, 184 kwa wima, hipotenusi 230. Darasani namba zitapotoka kidogo, maana waya wa koili una ukinzani wake, waeleze mapema. Taja pia kwamba 230 ni thamani inayosomwa na mita, kwani kilele chake ni takriban volti 325. Atakayegawa kilele hicho kwa ampea 4.6 za mita atapata karibu omu 71 badala ya 50.