Flai ya paiki hufia kwenye kiungo

Msomaji aliyeko Sweden ametuma picha ya flai ya paiki, yaani chambo bandia cha nywele kinachofungwa kwenye ndoano. Ilikuwa ya sentimita 20, vipande viwili vilivyoungwa kwa waya, na imebaki nusu ya mbele tu. Nusu ya nyuma imeondoka na samaki, ndoano mdomoni. Anauliza anunue uzi gani wa kufungia flai ulio imara zaidi. Uzi wake hauna kosa. Kwenye picha ncha moja ya waya wa kiungo imechomoka, nayo imenyooka kama ilivyotoka dukani. Maana yake haukukunjwa, na gundi ilipakwa juu ya uzi baada ya kazi kwisha, mahali ambapo haiufikii waya.

Kwa ambao hawajamwona, paiki ni samaki wa maziwa na mito ya Ulaya, Urusi na Marekani Kaskazini, na aliyemzoea mzia wa pwani atamwelewa upesi. Hujibanza penye majani ya majini, huchomoka na kukamata windo kwa ubavu, kisha hutikisa kichwa. Mtikiso huo wote hubebwa na kiungo. Ndiyo maana inashangaza kuona watu wakikaa saa nzima kuchagua rangi, halafu kiungo wanakifunga kwa dakika mbili.

Tafuta ndoano mbili kubwa, saizi 4/0, zenye mche (ile sehemu iliyonyooka) mfupi na jicho lililonyooka. Ya nyuma ndiyo itakayovua. Ya mbele ni mhimili tu, nayo itakatwa mkunjo, ila mwishoni kabisa, kwa sababu jiliwa, kibanio kinachoshika ndoano unapofunga, linahitaji pa kuishikia. Waya ni ule wa kutungia shanga, wa nyuzi 19, milimita 0.46, wenye ganda la nailoni. Kata sentimita 12. Utahitaji pia shanga moja ya plastiki ya milimita 8.

Sehemu ya nyuma hufungwa kwanza, ikamalizika pamoja na nywele zake, nitakazozieleza chini. Kisha pitisha waya kwenye jicho lake kutoka juu kwenda chini, ingiza ncha zote mbili ndani ya shanga, na uhamie ndoano ya mbele. Hiyo iwe imeshavikwa uzi mche mzima na kupakwa supa gluu ambayo bado ni mbichi. Ncha moja ya waya ilale juu ya mche, nyingine chini yake, ili kitanzi kisimame wima. Kikilala, sehemu ya nyuma itapinduka ubavu badala ya kuchezesha mkia kushoto na kulia. Funga mizunguko 30 iliyobanana. Sasa ncha ya juu ipitishe kwenye jicho la mbele, ikunje irudi nyuma, uifunge tena. Ya chini ikunje kabla haijafika jichoni. Tia gundi, funga mizunguko 30 mingine. Waya uliokunjwa hivyo hauchomoki kwa kuvutwa, itabidi ukatike.

Nafasi kati ya ndoano na ndoano isizidi milimita 10 hivi. Ikizidi, sehemu ya nyuma hujikunja wakati wa kurusha na kunasa kwenye mshipi. Ikipungua sana, shanga hubanwa na flai nzima inakuwa kijiti.

Nywele ni za mkia wa kulungu wa Marekani. Za shinani mwa mkia zina uwazi ndani, hivyo hutawanyika uzi ukizikaza. Za kwenye ncha hulala. Mkia wa flai ufungwe kwa hizo za ncha, urefu wa sentimita 12, na nyuzi 10 hadi 15 za kung'aa, si zaidi. Chini yake weka kitanzi cha nailoni ya milimita 0.6 kinachopita mkunjo kwa sentimita 2, kiuzuie mkia kujisokota kwenye ndoano. Kukisahau ndilo kosa la pili kwa wingi baada ya lile la waya.

Mafungu mengine, mawili nyuma na matatu mbele, yafungwe kinyumenyume: ncha zielekee jichoni, halafu zisukume zirudi nyuma kwa ganda la kalamu ya Bic, ujenge ukuta mdogo wa uzi mbele yake. Bob Popovics wa New Jersey aliieneza mbinu hii kwa uvuvi wa baharini. Inaonyesha mwili mnene kwa nywele chache, na nywele chache hazibebi maji. Manyoya ya sungura yanapendeza mezani, lakini yakilowa unarusha soksi.

Kichwa ndicho kinachoiyumbisha flai. Zungusha mafungu matatu ya nywele za mwili wa kulungu, kila moja unene wa penseli, uyashindilie nyuma, kisha kata kwa wembe yawe kabari yenye upana wa sentimita 2.5 na chini bapa. Ukikikata kikawa chembamba, maji yatapita tu na mkia hautacheza.

Kabla ya kukata mkunjo wa mbele, vaa miwani na uufunike kwa kitambaa, kwani kipande huruka.

Jaribu flai kwenye beseni: ilowanishe, ikamue, iachie. Ikilala ubavu, funga vipande viwili vya waya mzito chini ya mche wa nyuma. Denmark imepiga marufuku uuzaji wa vifaa vya uvuvi vya risasi, kwa hiyo huko tumia usio na risasi. Mbele ya flai kuwe na kipande cha waya cha sentimita 30, maana nailoni ya kawaida meno huikata.

Baada ya kila paiki, pindisha kiungo na ulichungulie ganda la waya karibu na shanga. Likichubuka hadi nyuzi za chuma zikaonekana, kata uzi wa mbele ufunge waya mpya. Sehemu ya nyuma bado ni nzima.