Mwenye viwanda "aligeuka" mwanasiasa?

SWALI: Ninafundisha historia kidato cha tatu. Kwenye maelezo ya somo niliandika: "John Bright alikuwa mtengenezaji wa pamba aliyegeuka mwanasiasa, akapigania kufutwa kwa Sheria za Mahindi, na mwaka 1882 akajiudhuru uwaziri." Mwenzangu wa Kiswahili amepigia mstari "aliyegeuka" na kusema nimemtukana marehemu. Nimemtukana wapi?

JIBU: Kutukana hujatukana, Mwalimu, lakini mwenzako ana sababu ya kushtuka. Mtu akisema "fulani amenigeuka", hatungoji maelezo: walikuwa pamoja, sasa yuko upande wa pili. Kwenye siasa ndiyo kabisa. Mwanasiasa aliyegeuka ni yule aliyelala chama hiki akaamkia kile, na jina lake ni kigeugeu. Na katika hadithi za bibi, anayegeuka ni mtu wa mchana anayekuwa chui usiku. Sasa isome sentensi yako ukiwa na masikio hayo.

Tena umembandikia asiyestahili. Bright alipinga Vita vya Krimea dhidi ya Urusi wakati Waingereza wengi wakivishangilia, wala hakulegeza msimamo. Uchaguzi wa 1857 ukampokonya kiti chake cha Manchester. Kigeugeu hapotezi kiti hivyo.

Kiwanda nacho hakukiacha. Baba yake, Jacob, alianza kusokota nyuzi pale Greenbank, Rochdale, mwaka 1809. John aliingia humo angali kijana, na alipokwenda bungeni ndugu yake Thomas akabaki kuangalia kazi. Wabunge wa siku hizo hawakuwa na mshahara, kwa hiyo mashine za Rochdale ndizo zilizomweka mjini London. Aliongeza kazi juu ya kazi, na kwa hilo Kiswahili kina kitenzi chepesi tu: kuingia. "Mwenye viwanda aliyeingia kwenye siasa." Ukiingia chumba cha pili hujabomoa cha kwanza.

Ukitaka kuwa sahihi zaidi, sema alivutwa. Septemba 1841 alifiwa na mkewe, Elizabeth, huko Leamington. Maiti ikiwa bado ndani, Richard Cobden, naye mwenye kiwanda cha kuchapa nakshi kwenye vitambaa, akaja kumpa pole. Akamwambia kwamba kuna maelfu ya nyumba ambamo wake, mama na watoto wanakufa kwa njaa. Uchungu wa kwanza ukipoa, waende pamoja wasipumzike mpaka sheria zile zilizopandisha bei ya chakula zifutwe. Miaka miwili baadaye Bright akawa mbunge wa Durham.

Mwenzako ameliacha "mtengenezaji wa pamba", nami siliachi. Pamba haitengenezwi. Hulimwa, huchumwa, huchambuliwa mbegu. Nyuzi husokotwa, kitambaa hufumwa. Ukimwambia mtu wa Shinyanga "mtengenezaji wa pamba" atakuuliza ni mkulima au ni wa kiwanda cha kuchambua. Vijana wa mjini, ambao kwao pamba ni nguo kali za kutokea, watadhani Bright alikuwa fundi cherehani. Andika "mwenye viwanda vya nyuzi na nguo". (Enzi za Azimio la Arusha tungeandika "bepari" tukamaliza, na katika jambo moja tusingekosea sana: mwaka 1847 alipinga bungeni sheria ya kupunguza saa za kazi viwandani ziwe kumi.) Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba iliyokwenda Lancashire, jimbo la viwanda vyake, 1861 hadi 1865, alisimama na Kaskazini iliyokuwa ikizuia meli za pamba hiyohiyo. Ni vita hivyohivyo vilivyopunguza merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, kwenye maduka ya Unguja.

Sheria za Mahindi? Hapana, Mwalimu! Kwa Kiingereza zinaitwa "Corn Laws", na Mwingereza wa karne ile akisema "corn" anasema nafaka, na hasa ngano. Ugomvi ulikuwa juu ya bei ya mkate. Mahindi ni maana ya Wamarekani. Andika "Sheria za Nafaka", zilizofutwa 1846.

"Akajiudhuru" nalo nalikuta hata magazetini. Udhuru ni sababu ya kutofika: mgonjwa nyumbani, basi limeharibika. Kuuzulu ni kumwondoa mtu kwenye cheo, na anayejiondoa mwenyewe hujiuzulu. Bright hakuwa na udhuru wowote Julai 1882. Manowari za Uingereza ziliipiga mizinga Alexandria, Misri, naye hakukubali kubaki kwenye serikali iliyotoa amri ile, akajiuzulu.